Anayetaka kujua hali ya bwawa la mgodi aangalie maji

Novemba 7, 2022, ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui wilayani Kishapu, ulibomoka. Tope lilishuka hadi kwenye mashamba na makazi ya wananchi wa jirani. Hakuna aliyepoteza maisha, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Lakini nyumba ziliharibika, malisho yakafukiwa na familia zikalazimika kuhama.

Migodi mingi mikubwa inayochenjua madini ina bwawa la namna hii. Mawe husagwa mpaka yakawa unga, madini yakatolewa, na kinachosalia kikasukumwa kwa maji kupitia mabomba hadi bwawani. Kwenye dhahabu, tani nzima ya mawe mara nyingi hutoa gramu chache tu, kwa hiyo karibu kila kitu kilichochimbwa huishia huko. Bwawa la maji ya kunywa hujengwa mara moja likaisha. Hili la majitope huongezwa kimo mwaka hadi mwaka kadiri mgodi unavyochimba, na mgodi ukifungwa linabaki palepale, na mtu wa kulitazama anahitajika bado.

Wahandisi wa mabwawa haya hukoseshwa usingizi na maji kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana kazi ya ukaguzi huanzia kwenye bomba jembamba lililozamishwa ndani ya tuta, yaani ukingo wa bwawa; bomba hilo huitwa pizomita. Mpimaji hufungua kifuniko, huteremsha utepe wenye kihisio kwenye ncha, na utepe ukigusa maji kifaa hulia. Anasoma kina, anaandika namba na tarehe, anakwenda bomba la pili. Siku hizi migodi mingi imefunga vihisio vinavyotuma vipimo ofisini vyenyewe, ila kinachotafutwa ni kilekile: maji yamefika wapi ndani ya tuta? Kipimo cha siku moja hakitoshi kujibu. Maji yakionekana yanapanda wiki baada ya wiki ilhali mvua hazijanyesha, pengine mifereji ya chini imeziba, na mtu lazima aende akaangalie.

Kwenye kitako cha tuta kuna mfereji mdogo unaopokea maji yanayopenya. Kupenya kidogo ni kawaida kwa tuta la udongo. Mfereji huo huwekewa kibao chenye pembe iliyokatwa kwa umbo la herufi V, na kimo cha maji kwenye pembe hiyo huonyesha lita ngapi zinapita kwa sekunde. Mpimaji mzuri hutazama na rangi. Maji maangavu hayamshtui. Maji yakianza kuwa na tope, yanabeba chembe za tuta lenyewe, yaani tuta linaliwa kwa ndani. Hapo taarifa haisubiri ripoti ya mwisho wa mwezi.

Juu ya bwawa kipimo ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachopuuzwa kwa uzembe usiosameheka: nafasi inayobaki kati ya uso wa maji na kilele cha tuta. Usiku wa Februari 22, 1994, huko Merriespruit, Afrika Kusini, mvua ya takriban milimita 50 ilinyesha kwa muda wa karibu nusu saa juu ya bwawa la mgodi wa dhahabu ambalo nafasi hiyo ilikuwa ndogo mno. Maji yakapita juu ya tuta, tuta likakatika, na mita za ujazo zipatazo 600,000 za tope zikaingia kwenye makazi ya watu mita mia chache tu kutoka hapo. Watu 17 walikufa. Fimbo yenye alama za sentimita, ikisomwa na kuheshimiwa, ingeonyesha hatari hiyo mapema.

Lakini si kila bwawa hutoa dalili. Mtoto akikanyagakanyaga mchanga mbichi ufukweni, mchanga uliokuwa mgumu hulegea ghafla na miguu ikazama. Tope lililoshiba maji linaweza kufanya hivyo kwa mamilioni ya tani. Januari 25, 2019, mchana, bwawa lenye kimo cha mita 86 la mgodi wa chuma wa kampuni ya Vale huko Brumadinho, Brazil, liliporomoka namna hiyo. Halikuwa limepokea tope jipya tangu 2016. Karibu mita za ujazo milioni 10 zilitoka ndani ya dakika chache, zikafunika ofisi na kantini ya wafanyakazi iliyojengwa chini yake. Watu 270 walikufa. Jopo la wataalamu lililochunguza mkasa huo lilisema bwawa halikuonyesha dalili za wazi kabla ya kuanguka, ingawa lilikuwa na vifaa vya kupimia. Ving'ora havikulia.

Kwa hiyo vifaa peke yake havitoshi. Bwawa la Brumadinho lilipandishwa kwa kujenga kila tuta jipya juu ya tope la zamani, njia ya bei nafuu ambayo Brazil iliipiga marufuku mwaka huohuo. Vipimo vingi kiasi gani vingewaokoa watu waliopangiwa kula chakula cha mchana chini ya ukuta wa tope?

Kuna madhara mengine yasiyo na kishindo. Sianidi ya kuchenjulia dhahabu huvunjwavunjwa na jua kadiri siku zinavyopita, lakini arseniki na metali nzito hubaki. Shirika la Afya Duniani linataka arseniki katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho wala ulimi hauwezi kukitambua. Ndiyo sababu huchimbwa visima vya uchunguzi kuzunguka bwawa, na sampuli zake hupelekwa maabara. Februari 2025, bwawa la mgodi wa shaba huko Chambishi, Zambia, lilipopasuka, maji yenye asidi yaliingia Mto Kafue, samaki wakafa na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Serikali ilimwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege, kupunguza makali ya asidi.

Viongozi wa kijiji kilicho chini ya bwawa la mgodi wasisubiri vuli. Wauombe mgodi uwaonyeshe vipimo vya pizomita vya miezi 12 iliyopita, majibu ya maabara ya visima vya uchunguzi, na ramani ya mahali tope litakapofika likitoka. Waombe king'ora kijaribiwe wakiwa wamesimama pale kijijini, wakisikie. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji. Wasipojibiwa, wapeleke maswali hayohayo kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na ofisi ya bonde la maji kabla mvua hazijaanza.