Farasi Akikushinda Mkono

Lukafu, chini ya uwanda wa juu wa Kundelungu, iliwahi kuwa kituo cha utawala wa Katanga kabla haujahamia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mizigo mingi ilipita njia za huko vichwani mwa wapagazi. Maana farasi haishi sana penye mbung'o: ugonjwa wa nagana wanaouambukiza humkondesha mpaka amalizike. Ndiyo sababu hadi leo, Katanga hii, farasi humpati kijijini. Wapo mjini, kwa watu wa klabu kama Cercle Hippique ya Lubumbashi, na wanaojifunza kuwapanda hukutana mapema na tatizo moja: farasi aliyepamba moto, anayekimbia shoti na hataki kusimama.

Mgeni huvuta vigwe kwa mikono yote miwili, havilegezi. Ni kosa. Farasi ana kilo 500, wewe huenda huna hata 80. Lijamu hulala kwenye ufizi mtupu, pale meno ya mbele yanapokwisha na magego hayajaanza. Likikandamizwa mfululizo, yeye huliegemea, na kadiri unavyovuta ndivyo anavyopata pa kujikaza. Basi vuta kwa muda mfupi, achia, vuta tena. Huku ukae wima, mabega nyuma, visigino chini. Ukiinamia shingo yake kwa hofu, kwake hiyo ni ruhusa ya kuongeza mbio.

Akikataa kabisa, kuna njia ya dharura. Fupisha vigwe vyote, kisha ngumi moja ikite imara shingoni, juu ya manyoya yake, ikiwa imeshika kigwe kilichokaza. Mkono wa pili uvute kigwe chake juu na nyuma kwa nguvu, mara moja, halafu uachie. Rudia mpaka atulie. Huumiza mdomo, kwa hiyo anayeitumia kila siku amechagua farasi asiyemfaa.

Wengine husema mzungushe tu. Sawa, lakini duara lianze pana, lipunguzwe kidogo kidogo. Farasi aliye kwenye kasi akikatishwa kona ghafla huanguka na mpandaji wake. Na misitu ya pembeni mwa Lubumbashi si uwanja: kuna vichuguu vinavyopita urefu wa nyumba, na kwenye vingine muhanga amechimba mashimo yanayomeza mguu mzima. Mduara ni wa penye uwazi tu, mahali ulipopita kwanza kwa mwendo wa kawaida ukaona ardhi yake.

Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri farasi mkali aanzwe kwa upole, asishtuliwe. Mimi naona hapo ndipo penye kazi yenyewe: kumfundisha kusimama akiwa anatembea, kisha kwa mwendo wa matiti, ndipo shoti. Mkielekea nyumbani mwendesheni taratibu, maana zizi analijua na mbio humjia zenyewe. Na wenzako wakitangulia, waombe wao ndio wapunguze kwanza. Farasi wako hatakubali kuachwa nyuma.