Kwa nini pampu ya pumu humtetemesha mtoto mikono

Mpunga ukianza kupigwa Mofu na vijiji vingine vya bonde la Kilombero, vumbi la makapi hujaa hewani, kisha hufuata moshi wa mabua yanayochomwa. Kwa mtoto mwenye pumu, huo ni msimu wa kukohoa usiku na kifua kulia filimbi. Anavuta pampu ya bluu, baada ya dakika chache anapumua vizuri. Halafu mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio, na bibi anauliza mmempa nini.

Jibu liko kwenye seli. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotoa adrenalini, ile homoni inayotutimua mbio tukikutana na kiboko shambani. Homoni hii hunasa kwenye protini maalumu za utando wa seli, ziitwazo vipokezi. Aina ya beta-2 imejaa kwenye misuli inayozunguka njia za hewa. Ikiguswa, misuli hulegea na njia hufunguka. Salbutamoli, dawa ya kwenye pampu, hujifanya adrenalini. Lakini misuli ya mikono nayo ina beta-2, na moyo pia. Mtetemo huo kwa kawaida huisha wenyewe.

Mwaka 1986 kundi la Robert Lefkowitz huko Marekani lilipata jeni ya kipokezi hiki. Brian Kobilka, aliyekuwa kwenye kundi hilo, alionyesha umbo lake mwaka 2007. Wote wawili walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2012.

Kwangu mimi, kubwa zaidi walilolifichua ni kwamba seli huzoea. Kipokezi kikiguswa mfululizo, protini iitwayo arestini hukizuia, kisha seli hukivuta ndani. Tena salbutamoli haitibu uvimbe ulio kwenye njia za hewa. Kazi hiyo ni ya pampu ya steroidi, ambayo pia husaidia seli kutengeneza vipokezi vipya. Mtoto akihitaji pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, mpeleke kliniki mkaulize kuhusu hiyo ya pili.

Wazazi wengi bado hupenda vidonge kwa sababu ni rahisi. Piga hesabu: kidonge cha miligramu 4 kina dawa sawa na mivuto 40 ya mikrogramu 100, na huzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani.

Na dawa za babu zisichanganywe. Propranololi, wanayopewa baadhi ya wenye presha, huziba vipokezi hivihivi. Kwa mwenye pumu inaweza kuanzisha shambulio na kuifanya pampu ishindwe kazi. Mwambie daktari mapema kama mgonjwa ana pumu, ila asiache dawa mwenyewe.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta sawasawa akibonyeza pampu mdomoni. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni, hufanya kazi vizuri kama kifaa cha dukani. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

Akishindwa kuongea au kunyonya, mbavu zikiingia ndani au midomo ikibadilika rangi, usingoje kupambazuke. Safari ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ianze mara moja, na pampu iendelee kutumika njiani.