Bima ya Macho Marekani (2): Kadi Inalipa Nini?

Wiki iliyopita tuliona jinsi kundi la wapimaji macho wa Oakland, California, lilivyoanzisha shirika la bima ya macho la VSP mwaka 1955, na jinsi bima ya macho ilivyojitenga na bima ya matibabu. Leo tuliangalie swali wanalouliza jamaa zetu walioajiriwa huko wanapokabidhiwa fomu za mafao kazini: kadi hii ya pili ina faida gani?

Faida ya kwanza ni kwamba watu wanakwenda kupimwa. Kati ya 1974 na 1982, shirika la utafiti la RAND lilizipanga familia kwa bahati nasibu, nyingine zikatibiwa bure na nyingine zikachangia gharama. Kwa vipimo vingi vya afya makundi hayo hayakupishana sana. Macho yalipishana. Waliotibiwa bure, hasa wenye kipato kidogo, walikuja kuona vizuri zaidi, kwa sababu walipimwa wakapata miwani inayowafaa. Asiyejua kwamba haoni vizuri hatatoa fedha mfukoni ili aambiwe.

Kwenye gharama mambo si mepesi hivyo. Tuseme mafao yanalipa dola 150 za fremu, nawe umependa ya dola 250. Zile 100 zinazozidi ni zako, hata duka likikupunguzia kidogo. Weka na makato ya kila mwezi kwenye mshahara, malipo ya kaunta, lenzi za kuonea mbali na karibu, na utando wa kuzuia mng'ao. Anayebadilisha miwani kila mwaka huenda akaokoa. Asiyevaa miwani analipia kipimo kimoja kwa mwaka. Kliniki nayo hupangiwa na kampuni ya bima bei ya upimaji, mara nyingi chini ya bei yake ya kawaida, hivyo hutegemea mauzo ya fremu na lenzi. Tena EyeMed, kampuni nyingine ya bima ya macho, ni mali ya EssilorLuxottica, inayotengeneza Ray-Ban na kumiliki maduka ya LensCrafters. Mlipaji na muuzaji wako nyumba moja, jambo ambalo kila mwanachama anastahili kuelezwa waziwazi.

Kuridhika kwa wateja ndiko kunakonitia wasiwasi. Mteja huridhika miwani ikikaa vizuri puani na herufi zikisomeka. Lakini presha ya macho aghalabu haiumi, na huanza kula pembeni mwa uoni kabla mtu hajagundua. Ile mashine inayopuliza hewa jichoni, matone ya kupanua mboni, daktari anayeinama kutazama mshipa wa fahamu nyuma ya jicho: hayo ndiyo yanayookoa uoni, na hakuna anayetoka dukani akiyasifia. Ugonjwa ukionekana, matibabu yake yanahamia kwenye bima nyingine, yenye masharti mengine na pengine daktari mwingine. Wapo wanaopotelea hapo katikati.

Watoto walifikiriwa: tangu 2014, bima mpya za mtu binafsi na za waajiri wadogo zinalazimika kugharimia macho yao. Wazee hawakubahatika. Medicare, bima ya serikali kwa wazee iliyoundwa kwa sheria ya 1965, hailipii upimaji wa kawaida wa miwani. Hulipia miwani ya kwanza tu, baada ya mzee kuondolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi. Habari za wazee hao, na bima za ziada wanazouziwa, tutazichambua wiki ijayo.