Kiwanja cha Michezo: Hesabu Kabla ya Matofali



Tangu Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa, mwaka 2023, uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, barazani hakosekani mtu wa kusema kuwa nasi yatupasa tujenge kiwanja kikubwa, chenye jukwaa na ukumbi wa harusi na mikutano. Maneno hayo si mabaya. Mpira twaupenda, na vijana wanataka mahali. Lakini hapana budi tuulize kwanza: kiwanja hicho kitajilisha kwa nini?

Tazameni yaliyowafika watu wa Montreal, nchi ya Kanada. Mwaka 1970 kiwanja chao cha Michezo ya Olimpiki ya 1976 kilikadiriwa dola milioni 134. Ramani ilikuwa ngumu, wafanya kazi waligoma, bei zilipanda, na siku ya Michezo haingojei mtu. Michezo ilifunguliwa mnara haujesha. Ulikwisha mwaka 1987. Deni lililipwa kwa kodi ya tumbaku, hata na mvutaji asiyepata kutia mguu kiwanjani, nalo halikumalizika ila mwaka 2006. Jumla ilipita dola bilioni 1.4 pamoja na riba. Wenyeji walikibandika jina la utani la Deni Kubwa.

Wala msidhani kilikaa kitupu. Timu ya besiboli ya Expos ilicheza humo tangu 1977 hata 2004, na ratiba ya kawaida ni michezo 81 ya nyumbani kwa mwaka. Kisha timu ikahamia Washington, kiwanja kikabaki palepale. Paa lake limepasuka mara nyingi, na mwaka 2024 serikali ya Quebec ilitangaza dola milioni 870 za kuweka jipya.

Sasa tufanye hesabu ndogo ya kwetu, ya mfano tu. Tuseme kiwanja chagharimu shilingi 600,000,000, na tumekopeshwa bila riba kwa miaka 20. Hiyo ni 30,000,000 kila mwaka. Mlinzi, maji, taa, majani, rangi na vyoo (vyoo khasa!) tuviwekee 20,000,000. Jumla 50,000,000. Watu 1,000 wakilipa 2,000 kila mmoja, mchezo waleta 2,000,000. Nusu wapewe timu, zimebaki 1,000,000. Basi twahitaji michezo 50 iliyojaa, karibu mmoja kila wiki. Toeni mwezi wa Ramadhani, wiki za masika, na siku za uchumaji ambapo kijiji kizima kiko mashamba. Zimebaki wiki ngapi? Na ukumbi wa harusi usitutie tamaa mno, kwani harusi nyingi hufanywa nyumbani chini ya turubali.

Tena mikarafuu yetu haizai sawasawa: mwaka mmoja neema, wa pili vikonyo vitupu. Mkopeshaji hajui mwaka mbaya.

Nionavyo mimi, kiwanja kidogo cha majani chenye ua, choo na kisima, kilichojengwa kwa fedha zilizokwisha kuwekwa, chatutosha kuanzia. Jukwaa litafuata watu wakizidi. Na yeyote atakayeleta shauri la kujenga kikubwa, aje na karatasi mbili: ya siku ambazo mlango utafunguliwa, mwezi kwa mwezi, na ya jina la atakayelipa mwaka ambao hazikutimia.