Bara Hindi na Mafundi Wake wa Kompyuta

Mgeni aingiaye leo katika makampuni makubwa ya kompyuta ya Marekani hakawii kutambua kwamba, miongoni mwa watu waliotoka nje ya nchi hiyo, walio wengi zaidi mezani ni wana wa Bara Hindi. Na akiuliza habari za wakubwa, ataambiwa kwamba Microsoft inaongozwa tangu 2014 na Satya Nadella, mzaliwa wa Hyderabad, Google tangu 2015 na Sundar Pichai, aliyekulia Madras, ambayo siku hizi huitwa Chennai, na IBM tangu 2020 na Arvind Krishna. Hapo husemwa kwamba Mhindi huzaliwa na hisabati kichwani. Maneno hayo ni mepesi mno, kwani katika hesabu ya watu ya 1951 Bara Hindi haikuwa na watu 20 katika kila 100 waliojua kusoma na kuandika, na damu haibadiliki kwa muda wa miaka 70.

Yafaa pia tukumbuke kwamba Wahindi tuwajuao sisi wa pwani, wa Gujarati na Kachi, ambao babu zao walivuka bahari kwa majahazi kufuata tijara, aghalabu si hao tunaowazungumzia. Mafundi wa kompyuta wametoka zaidi katika majimbo ya kusini, kwa Watelugu, Watamili na Wakannada, katika nyumba za makarani, walimu na maofisa wa serikali, ambazo urithi wake mkubwa ulikuwa ni shahada, wala haukuwa duka.

Asili ya mambo ni sera. Jawaharlal Nehru, alipoishika nchi iliyotoka tu mikononi mwa Waingereza, aliazimia kuijengea mabwawa na viwanda vya chuma, na kwa kazi hiyo akataka wahandisi. Chuo cha kwanza cha taifa cha ufundi kilifunguliwa 1951 huko Kharagpur, katika majengo ya kizuizi cha Hijli, ambamo Waingereza walikuwa wakiwafungia wapigania uhuru. Kisha vikafuata vya Bombay kwa msaada wa Warusi, Madras kwa msaada wa Wajerumani wa Magharibi, Kanpur kwa msaada wa Waamerika, na Delhi kwa msaada wa Waingereza wenyewe, kwa kuwa siku zile madola makubwa yalishindana kwa hisani. Kanpur ilipata kompyuta yake 1963.

Lakini wahandisi walipatikana kabla ya viwanda. Serikali ilidhibiti biashara kwa leseni juu ya leseni, kazi zikawa chache, na kijana aliyefuzu kwa fedha za umma akajikuta hana pa kuutumia ujuzi wake. Na ikasadifu kwamba Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewafungia mlango watu wa Asia, iliufungua kwa sheria ya 1965, ikiwapa nafasi wenye elimu adimu. Waliokwenda walikuwa wamekwisha kuchujwa kwa mtihani, kwa lugha ya Kiingereza, kwa uwezo wa baba, na, tuseme kweli, kwa tabaka walimozaliwa, hata kuwapima Wahindi wote kwa hao ni kuupima mchele wa gunia zima kwa punje zilizokwisha chaguliwa katika ungo.

Waliobaki nao hawakukaa bure. IBM iliondoka nchini 1978, isikubali masharti ya serikali juu ya umiliki wa makampuni ya kigeni, na mafundi wa nyumbani wakalazimika kujifunza mashine za kila namna. Kampuni ya Infosys ilianzishwa 1981 na watu saba kwa rasilimali ya dola 250, fedha alizozitoa mke wa mmoja wao, N. R. Narayana Murthy, katika akiba yake, na simu yao ya kwanza waliingoja karibu mwaka mzima. Bidhaa yao, hata hivyo, ilikuwa na fadhila moja kubwa: programu haipiti bandarini, haingoji meli, wala haina mzigo wa kufunguliwa na ofisa wa forodha. Texas Instruments iliona hayo, ikafungua ofisi Bangalore 1985, ikituma kazi kwa setilaiti. Na kwa kuwa California inapolala Bangalore iko macho, kazi iliyoachwa jioni hukutwa asubuhi imekwisha. Kisha ukakaribia mwaka 2000, na programu kuukuu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zikahitaji kusahihishwa mstari kwa mstari. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha na isiyo na sifa, ikataka mikono mingi, nayo mikono ilikuwako.

Tamaa ya nafasi hizo imezaa miji ya ajabu. Kota, katika Rajasthan, kwa miaka mingi imekusanya vijana zaidi ya laki moja kwa wakati mmoja, wanaosoma tangu alfajiri hadi usiku kwa ajili ya mitihani ya kuingilia vyuo vya uhandisi na vya udaktari. Ule wa uhandisi watahiniwa wake hupita milioni moja, ilhali nafasi katika vile vyuo vya taifa hazifiki elfu 20. Gharama yake si fedha tu: 2023 wakuu wa wilaya waliamuru mapangaboi ya mabweni yatiwe springi, yasiweze kubeba uzito wa mtu. Hyderabad mna mtaa wa Ameerpet, ambao kuta zake zimefunikwa na mabango ya masomo ya kompyuta. Na nje kidogo ya mji, hekalu la Chilkur, ambalo mungu wake watu humwita mungu wa viza. Mwenye haja hulizunguka mara 11 akiweka nadhiri, na akiipata hurudi kulizunguka mara 108, kadi mkononi, akitia alama kila mzunguko asije akapoteza hesabu.

Viza yenyewe ni ile ya kazi ya Marekani, H-1B, iliyowekwa na sheria ya 1990: mpya ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za juu za Marekani. Katika kila maombi 10 yanayokubaliwa, 7 au zaidi ni ya Wahindi. Bali ukaazi wa kudumu ni jambo jingine, kwani nchi moja, iwe ndogo kama Malta au kubwa kama Bara Hindi, haipewi zaidi ya sehemu 7 katika 100. Basi Mhindi hungoja miaka 10 na kupita, kila atakaye kumwajiri lazima kwanza amwombee ruhusa serikalini, naye akiachishwa kazi ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine ama kufunga mizigo. Wako waajiri ambao, pamoja na kuusifu ujuzi wake, hawachukizwi hata kidogo na hali hiyo.