Udhuru wa Anayemuuguza Mzazi Aliyepotewa na Akili

Korona ilipothibitishwa Tanzania mwezi Machi 2020, shule zilifungwa, lakini misikiti ilibaki wazi. Tuchukulie basi kijana wa Ngulyati, Bariadi, anayemuuguza mama yake mwenye kharaf, yaani kuondokewa na kumbukumbu na akili uzeeni. Mama hakubali barakoa, na humwogopa kila mtu isipokuwa mwanawe. Je, kijana aende Ijumaa?

Wanachuoni wa Kishafi wametaja kuwa kumuuguza mgonjwa asiye na mwangalizi ni udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa. Na hata akiwepo mwangalizi mwingine, jamaa wa karibu ambaye mgonjwa hutulizana naye ana udhuru pia. Kijana huyo ataswali Adhuhuri nyumbani, wala hana dhambi. Asimfungie mama ndani peke yake ili aiwahi khutba.

Ama mama, akili ni sharti ya taklifu. Ikimtoka kabisa, hawajibiki kuswali, kufunga wala kutoa fidia. Fidia ni ya mzee dhaifu mwenye akili zake. Ikimrudia, ataswali Swala ya wakati huo kadiri awezavyo. Zaka ya mali yake haiondoki; walii wake ataitoa.

Akirudia swali lile lile mara kumi, asikemewe. Suratul Israa (17:23) imekataza hata neno dogo la kuwachukia wazazi waliofikia uzee.

Maimamu wayaeleze haya mimbarini, ili anayebaki nyumbani na mzazi wake asidhaniwe kuwa mvivu wa ibada. Wallaahu a'lam.