Tumbo likikuuma, hesabu saa kurudi nyuma: usiku mmoja katika soko la Da Lat

Ilikuwa saa mbili usiku, soko la usiku la Da Lat, Vietnam. Nimekaa kwenye kistuli cha plastiki kifupi kama kile cha kufulia, mkononi nina nusu ya kile ambacho wageni hukiita "piza ya Da Lat", mara tumbo likaanza kusokota. Wenzangu wawili niliosafiri nao hawakungoja ushahidi. Wote waligeuka wakamtazama mama aliyekuwa akipepea jiko la mkaa mbele yetu. "Ni huyu," mmoja akasema. "Hebu ona mazingira yenyewe."

Mimi nasomea bakteria wa kwenye chakula, kwa hiyo nilitakiwa kuwa na akili zaidi. Lakini kusema kweli, kwa dakika tano hivi na mimi nilimlaumu yule mama. Kisha nikaanza kuhesabu saa kurudi nyuma. Hesabu hiyo ndiyo nataka uijue, kabla hujamharibia mtu biashara.

Kwanza mahali penyewe. Da Lat iko nyanda za juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku watu huvaa makoti. Mwaka 1893 daktari Alexandre Yersin alifika kwenye uwanda huo, na baadaye Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi walipotafuta mahali pa baridi pa kupumzikia, yeye ndiye aliyewapendekezea. Ni Yersin huyo huyo ambaye mwaka 1894, huko Hong Kong, aligundua bakteria wa tauni, ndiyo maana leo wanaitwa Yersinia pestis. Yaani mji ulipendekezwa na mtu wa bakteria, halafu mimi naenda kuugulia humo!

Jioni, eneo la mbele ya soko kuu, karibu na ziwa Xuan Huong, hujaa watu. Kuna sweta, stroberi, viazi vitamu vya kuchoma, mishikaki, na moshi. Lakini foleni ndefu ilikuwa kwa bánh tráng nướng, hiyo "piza" yenyewe. Ni kama chapati nyembamba sana ya unga wa mchele, kavu kama karatasi. Mama anaiweka juu ya waya, mkaa ukiwaka chini. Anapaka mchuzi mzito wa uduvi uliochachushwa kwa chumvi, anapasua yai, anatupia vitunguu majani na uduvi mkavu, kisha anaizungusha haraka haraka kwa vijiti mpaka yai ligande na ukingo uanze kulia kau kau. Mwisho anamimina pilipili na mayonezi, anaikunja, anakupa.

Sasa itazame kwa jicho la maabara. Chapati ni kavu, na bakteria bila maji hawazaliani. Mchuzi wa uduvi una chumvi nyingi kiasi kwamba bakteria wengi wanaotuumiza hunyonywa maji na hawawezi kukua. Yai limepasuliwa mbele yako na kuganda mbele yako, maana yake limepita kama nyuzi joto 70 za sentigredi, na hapo Salmonella hafiki mbali. Toka motoni hadi mdomoni hazikupita dakika mbili. Kitu pekee cha kukitilia shaka ni mayonezi, maana ya kutengeneza nyumbani huwa na yai bichi. Ya huyu mama ilikuwa ya chupa ya kiwandani. Basi mshitakiwa tulimkamata kwa sababu tu alikuwa karibu.

Tukirudi kwenye saa: Salmonella akiingia tumboni hakuumizi palepale. Kwa kawaida huchukua saa 12 hadi 36, mara nyingine hata siku tatu. Nikauliza, jana yake nilikula nini?

Jana yake tulitoka Ho Chi Minh City kwa basi, safari ya kama kilomita 300. Saa moja asubuhi nilinunua bánh mì, ule mkate mrefu uliorithiwa kwa Wafaransa, ndani una nyama, pâté ya maini, na siagi ya mayai mabichi na mafuta. Niliutia kwenye begi, nikasinzia. Niliukumbuka saa saba mchana. Joto la kule chini linapita nyuzi 30, na begi lilikuwa dirishani. Nilikula wote, na ulikuwa mtamu.

Piga hesabu. Tuseme asubuhi ulikuwa na bakteria 100 tu, na kwa joto lile wanajigawa mara mbili kila nusu saa. Saa sita ni mizunguko 12, na 100 wanakuwa zaidi ya laki nne. Kutoka mlo huo hadi kistuli cha plastiki ni saa 31. Aliyeniuzia mkate asubuhi hana kosa ninaloweza kulithibitisha. Mkate ulikaa kwangu, kwenye begi langu. Siwezi kuapa mahakamani, sikupimwa choo, lakini saa zinanielekea mimi.

Hili la bánh mì si mchezo. Septemba 2023, mjini Hoi An, watu zaidi ya 300 waliugua baada ya kula mikate ya duka moja, na Salmonella akatajwa. Chakula ni kilekile kinacholiwa na mamilioni kila asubuhi bila shida. Kinachobadilika ni muda na joto. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wana sherehe. Na baridi ya usiku wa Da Lat usiichukulie kuwa ni friji: Salmonella anakua hata kwenye nyuzi 15, ila taratibu.

Lakini haki itendeke pande zote. Kuna bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, hukaa puani na mikononi mwetu, ambaye huacha sumu kwenye chakula kilicholala. Sumu hiyo hukutapisha ndani ya saa moja hadi sita, na kuchemsha upya hakuiondoi. Ukitapika haraka hivyo, mlo wa mwisho unaweza kuwa na hatia kweli.

Wenzangu walinitafutia maziwa ya soya ya moto, na hapo pia kuna jambo. Soya mbichi ina protini inayozuia umeng'enyaji, lazima iive. Maziwa yake hutoa povu mapema, kabla hayajachemka, ukadhani tayari. Juu ya hapo, kwenye mita 1,500 maji huchemka kwa kama nyuzi 95, siyo 100 (ukiwa Iringa au Nairobi, ni habari ileile). Muuzaji mzoefu haondoi sufuria povu likipanda. Anapunguza moto, anakoroga, anaacha yaendelee. Huyu alifanya hivyo. Nilikunywa.

Siku mbili nilishinda kitandani na maji ya chumvi na sukari. Usiku wa tatu nilirudi kwa yule mama, nikaagiza mbili. Hakujua kwamba alikuwa ameshitakiwa na kuachiwa.